Jinsi ya kuendelea kusoma ujasiriamali ukiwa tayari na shughuli yako Mwanza

Mwongozo huu ni kwa mtu mzima anayeishi Mwanza au katika wilaya za kandokando ya Ziwa Victoria, ambaye tayari ana shughuli ya kumwingizia kipato, au ameajiriwa na anajiandaa kufungua biashara, na angependa kurudi darasani bila kuacha kazi. Mafunzo ya ujasiriamali ni mengi katika mkoa huu. Hutangazwa redioni, makanisani na misikitini, kwenye ofisi za kata na katika makundi ya WhatsApp, na baadhi yake hutolewa bure. Jambo la nadra ni mwanafunzi anayefika darasani akiwa na swali lake mwenyewe. Mtu anayejua kwamba duka lake huishiwa fedha kila wiki ya tatu ya mwezi atatoka kwenye mafunzo na jambo la kufanyia kazi kesho yake, ilhali jirani yake aliyekwenda kwa sababu aliitwa atatoka na cheti pamoja na maneno mazuri ambayo atakuwa ameyasahau kabla msimu haujaisha. Kwa sababu hiyo hatua ninazozieleza hapa zinaanzia kwenye meza ya biashara, na darasa linafuata baadaye.

Elimu ya namna hiyo ina historia hapa hapa Mwanza. Kuanzia mwaka 1968 mji huu ulikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, ulioendeshwa na serikali kwa kushirikiana na UNESCO, na vitabu vyake vilitungwa kwa kufuata kazi za watu wenyewe, kiasi kwamba mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kusoma habari za pamba, na mvuvi kwa kusoma habari za uvuvi. Kisha Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walioandaa vitabu vile walielewa kwamba mtu mzima hushika haraka somo linalogusa kazi aliyoiacha asubuhi na atakayoirudia jioni, na sioni sababu ya somo la biashara kufundishwa kwa njia nyingine.

Andika mwezi mzima kabla ya kutafuta darasa

Nunua daftari kubwa la mistari na uligawe kila ukurasa katika safu sita: tarehe, maelezo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, madeni, na safu ya mwisho uiite "nyumbani". Katika safu ya madeni utaandika mali kauli uliyochukua kwa watu na ile uliyowapa wateja wako, pamoja na siku ya kulipwa. Katika safu ya nyumbani utaandika kila shilingi na kila bidhaa iliyotoka dukani kwenda kwenye familia, iwe sukari ya chai, nauli ya mtoto, mchango wa msiba au vocha ya simu. Safu hii ndiyo inayowashinda wengi, na ndiyo inayoeleza kwa nini mtu anauza vizuri mwaka mzima na bado mtaji unakatika. Kuchukua kutoka dukani si kosa, kwa kuwa biashara ya mtu wa kawaida ndiyo mshahara wake. Kinachotakiwa ni kiasi hicho kijulikane, na baada ya mwezi kigeuzwe kuwa posho unayojilipa kwa siku maalumu, ili kuchukua huko kusifanyike kila saa bila hesabu.

Andika kila jioni kabla ya kufunga, usisubiri Jumapili. Ukipokea malipo kwa Lipa Namba au kwa simu ya kawaida, yaandike pia, kwa maana watu wengi huhesabu fedha iliyo kwenye droo peke yake na kuziacha za kwenye simu zitumike bila kumbukumbu. Ikiwa huna biashara bado, andika gharama za wazo lako: nenda kwenye soko unalokusudia, uliza bei za jumla na za rejareja kwa siku tofauti za wiki, na uandike bei hizo kama vile ulinunua kweli.

Mwezi mmoja hauwezi kuonyesha mwaka wote, hasa kwenye ukanda huu ambako fedha hufuata ziwa na shamba. Chukua mfano wa dagaa. Wavuvi wa dagaa huwavuta samaki hao kwa mwanga wa taa usiku, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola na betri, na mwanga huo hufanya kazi vizuri siku za giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, mitumbwi mingi hupumzika. Mfanyabiashara anayenunua katika soko la Mwaloni, Kirumba, anajua kwamba bidhaa ikipungua bei hupanda, na kwamba kwa siku hizo kadhaa za kila mwezi fedha yake inaweza kukaa bila kuzunguka huku pango, ada za shule na marejesho ya mkopo vikiendelea kudaiwa. Wakati wa mvua linakuja tatizo lingine, kwa sababu dagaa hawakauki vizuri, na wale walioanikwa mchangani huingia unyevu na mchanga na kushuka daraja. Katika wilaya za Kwimba, Magu na Misungwi, nako fedha hujaa mkononi mwa watu msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia Mei, na muuza mabati, vitenge au baiskeli asiyejiandaa kwa miezi hiyo atakosa mauzo ya nusu mwaka. Kwa hiyo, pembeni ya daftari lako, weka ukurasa mmoja wa kalenda ya mwaka mzima, na utie alama kwenye miezi ya mavuno, siku za giza na za mbalamwezi, tarehe za kufungua shule, Ramadhani na sikukuu. Ukurasa huo utakufaa kuliko mpango wa biashara wa kurasa thelathini ulioandikwa na mtu mwingine.

Fanya hesabu moja kamili ya gharama

Mwezi ukiisha, chagua bidhaa moja unayoiuza sana na ukokotoe gharama yake halisi. Nitatoa mfano wa kubuni ambao kila mtu anaweza kuubadilisha kwa tarakimu zake. Tuseme mama mmoja wa Igoma ananunua kilo 50 za dagaa wakavu kwa shilingi 6,000 kwa kilo, akiwa na nia ya kuwachambua na kuwafunga katika pakiti za nusu kilo. Mara nyingi mtu hupiga hesabu hivi: nusu kilo ni shilingi 3,000, mfuko na lebo ni shilingi 300, jumla 3,300, kwa hiyo nikiuza kwa 4,000 nina faida ya 700 kwa kila pakiti. Hesabu hiyo imeruka mambo mawili. Kwanza kuna usafiri na mpagazi, tuseme shilingi 10,000 kwa mzigo wote. Pili, baada ya kuchambua mchanga, vipande vilivyovunjika na takataka, zinabaki kilo 42 tu, ambazo ni pakiti 84.

Sasa tupige upya. Dagaa ni shilingi 300,000, usafiri 10,000, mifuko na lebo za pakiti 84 ni shilingi 25,200, jumla 335,200. Ukigawanya kwa 84 unapata takribani shilingi 3,990 kwa pakiti. Mauzo yote kwa bei ya 4,000 ni shilingi 336,000, na faida ya mzigo mzima ni shilingi 800, kabla ya kuhesabu siku mbili za kuchambua, ushuru wa soko na pakiti zilizotolewa kwa mkopo zikapotea. Mama huyo anaweza kufanya kazi kwa bidii mwaka mzima, akasifiwa na wateja, na bado akabaki pale pale.

Tazama jinsi hesabu hiyo inavyozaa maswali. Je, ananunua dagaa wa mchangani ilhali angelipa bei ya juu kidogo kwa waliokaushwa kwenye chanja, akapunguza kilo zinazopotea wakati wa kuchambua? Je, soko lake linaweza kulipa shilingi 4,800? Je, akikaanga na kuweka viungo atapata mteja mwingine wa tofauti, na akifanya hivyo sheria ya chakula inamtaka nini? Kila swali lina mwalimu wake, na hapo ndipo utafutaji wa mafunzo unapopaswa kuanza. Andika maswali yako matatu makubwa kwenye jalada la ndani la daftari, kwa mpangilio wa hasara unayoipata kila mwezi, na swali linalokupotezea fedha nyingi liwe la kwanza.

Mpeleke kila swali kwa mwalimu wake

Maswali ya biashara ndogo huangukia katika makundi ambayo hayafundishwi mahali pamoja, na kosa la kawaida ni kwenda kusoma masoko wakati shida iko kwenye ubora wa bidhaa.

Ikiwa swali lako linahusu namna ya kutengeneza, yaani ukaushaji, usindikaji, ushonaji, uchomeleaji, useremala au ufungashaji, anza na SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ambalo lina ofisi katika kila mkoa na hutoa mafunzo mafupi ya usindikaji pamoja na ushauri wa mashine na vifungashio. Kwa upande wa ufundi kuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inayopokea watu wazima kwenye kozi fupi na siyo vijana waliomaliza shule peke yao. Kwa mambo ya samaki, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi Nyegezi, na mtu anayechakata au kusafirisha samaki atapata huko maarifa ambayo mwalimu wa ujasiriamali wa kawaida hana.

Fundi aliyejifunza kazi chini ya mti au katika karakana ya mjomba wake asidhani kwamba lazima aanze upya ili apate cheti. Upo utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao VETA huushughulikia, ambapo fundi hupimwa kwa kazi anayoijua, huzibiwa mapengo yaliyobainika, na hupewa cheti kinachotambulika. Natamani mafundi wa Mabatini na Mkuyuni wangeutumia kwa wingi zaidi, kwa sababu wapo mafundi wenye mikono ya dhahabu wanaokosa zabuni za shule na zahanati kwa kukosa karatasi ya kuthibitisha wanachokijua.

Ikiwa swali ni la hesabu, usimamizi na masoko, Mwanza ina vyuo vinavyofundisha hayo kuanzia ngazi ya cheti: Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA), na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kilichopo Malimbe. Mwajiriwa asiyeweza kuhudhuria mchana aulize ratiba za jioni, au aangalie kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria, ambacho mfumo wake ulijengwa kwa ajili ya watu wanaosoma huku wakifanya kazi. Aliyeishia njiani kwenye shule ya msingi au sekondari aende Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kusoma na kuhesabu kwa uhakika ni msingi wa biashara, na hakuna aibu yoyote katika kuanzia hapo ukiwa na umri wa miaka hamsini.

Mlango ulio karibu kuliko yote mara nyingi husahaulika. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako na afisa biashara wa halmashauri wana wajibu wa kukushauri, na wao ndio wanaojua ni mafunzo yapi yanakuja mwezi ujao na nani anayalipia. Ukerewe, Sengerema au Buchosa, ambako safari ya kwenda mjini inakula siku, ni bora kikundi cha watu kumi na watano kiandike barua ya kuomba mwalimu aje kisiwani au kijijini kuliko kila mmoja kulipa nauli yake.

Pima mafunzo kabla ya kulipa ada

Kabla hujajiandikisha, omba uonyeshwe ratiba na mada, kisha umuulize mratibu mambo haya: mwalimu amewahi kuendesha biashara au kuwahudumia wafanyabiashara wa aina gani, je, mwanafunzi anafanya kazi juu ya hesabu zake mwenyewe au juu ya mifano ya kitabuni, je, kuna mtu atakayekuja kukutembelea baada ya kozi kwisha, na wahitimu wawili wa mwaka jana wako wapi ili ukawaulize. Jibu la swali la mwisho lina uzito kuliko mengine yote. Kozi inayoahidi mkopo mkubwa kwa kila anayelipa ada, au inayokutaka ulete watu wengine ili upate faida, iache mara moja.

Kuhusu maudhui, nina msimamo ninaoweza kuutetea. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Lomé, Togo, kwa wamiliki 1,500 wa biashara ndogo, waliogawanywa katika makundi matatu kwa kura. Kundi moja lilipewa mafunzo ya kawaida ya uhasibu, masoko na usimamizi, la pili likafundishwa ari ya kuanzisha jambo bila kusubiri kusukumwa, kutazama mbele na kutokata tamaa mbele ya vikwazo, na la tatu halikupewa mafunzo. Faida za kundi la ari zilipanda kwa asilimia 30 zikilinganishwa na za kundi lisilofundishwa, ilhali za waliopata mafunzo ya kawaida zilipanda kwa asilimia 11, kiwango ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati. Sisomi matokeo hayo kama ruhusa ya kuacha uhasibu. Ninayasoma kama onyo kwamba kanuni za daftari zisipoambatana na mazoezi ya kujaribu kitu kipya kila wiki, zinabaki kwenye karatasi. Kwa hiyo chagua kozi ambayo kila kipindi kinaisha kwa kazi ya kwenda kuifanya dukani na kuja kuieleza.

Utafiti mwingine ulifanyika nyumbani kwetu, Dar es Salaam, mwaka 2008, kwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo waliopewa vipindi 21 vya dakika 45 kila kimoja. Biashara za wanaume waliofundishwa ziliimarika kwa kiwango kilichoonekana wazi, lakini za wanawake hazikubadilika sana, na fedha za ruzuku walizopewa baadhi yao, zenyewe hazikuleta tofauti. Wanawake hawakuwa wazito wa kuelewa. Yeyote aliyeishi katika nyumba za Kitangiri au Nyakato anajua kwamba mwanamke anayetoka darasani saa kumi jioni anarudi kwenye maji, chakula, watoto na mgonjwa, na kwamba fedha ya genge lake ina wenyewe wengi kabla hajaamua kuiongeza kwenye mtaji. Mama anayetaka kusoma asiishie kupanga ada. Akae na mume wake, dada zake au mkwe wake na wakubaliane kwa maneno yaliyo wazi ni saa zipi za wiki atakuwa huru, nani atashika genge au jiko katika saa hizo, na kiasi gani cha faida hakitaguswa mpaka muda fulani upite. Mwalimu mwema atamruhusu mwenzi wake ahudhurie kipindi kimoja, na ninashauri kipindi hicho kiwe kile cha kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani.

Wakati wa masomo

Beba daftari lako la biashara kila kipindi, na kila mada ikifundishwa tafuta ukurasa inaougusa. Mwalimu akifundisha bei, fungua hesabu ya dagaa wako au mandazi yako. Akifundisha huduma kwa mteja, angalia ni wateja wangapi wa mwezi uliopita walirudi. Kama huelewi neno, uliza hapo hapo. Watu wazima wengi hukaa kimya kwa kuogopa kuonekana hawajui, na darasa lote linapitwa na somo ambalo kila mmoja alilihitaji.

Ungana na wenzako watatu au wanne wanaofanya biashara zisizoshindana na yako, mkutane mara moja kwa wiki kwa saa moja, na kila mmoja aseme alijaribu nini na daftari linaonyesha nini. Kikundi hiki kidogo kitaendelea kukufundisha baada ya kozi kufungwa, na kwa maoni yangu ndicho kinachotofautisha wanaobadilika na wanaorudi kwenye mazoea yao.

Urasimishaji ni sehemu ya masomo

Watu wengi huziogopa ofisi za serikali kwa sababu hawajaelezwa mpangilio wake. Ukiwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), nenda Mamlaka ya Mapato, TRA, uombe Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, ambayo hutolewa bure. Ikiwa unataka kutumia jina tofauti na lako mwenyewe, sajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, huku ukikumbuka kwamba jina la biashara halikutenganishi na madeni yake kama kampuni inavyofanya. Leseni ya biashara za kawaida hutolewa na halmashauri, wewe ukiwa Nyamagana basi ni jiji, ukiwa Ilemela ni manispaa, na maombi hufanyika kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Anayeuza chakula kilichofungashwa atahitaji pia kushughulika na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu Julai 2019 lilikabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi uliokuwa chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mzalishaji mdogo apitie kwanza SIDO, ambayo humtambulisha TBS na kumsaidia kurekebisha eneo la uzalishaji kabla wakaguzi hawajafika.

Faida ya daftari inaonekana waziwazi kwenye kodi. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyoanza kutumika Julai 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi hiyo. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 hulipa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu, lakini akiwa na kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5 na daftari safi atalipa shilingi 30,000, na jirani yake mwenye mauzo yale yale bila daftari atalipa zaidi ya mara tatu ya hapo. Kwa kuwa Sheria ya Fedha hupitishwa upya kila mwaka wa bajeti, ulizia TRA viwango vya mwaka unaolipia kabla ya kupanga.

Mtaji uje baada ya hesabu

Nimeiacha fedha mpaka hapa kwa makusudi. Anayekopa kabla ya kujua gharama halisi ya bidhaa yake anakopa ili aongeze hasara, kama yule mama wa pakiti 84 ambaye mkopo wa kuongeza mzigo mara tano ungemletea shilingi 4,000 za faida na riba juu yake.

Ukiwa tayari, anza na akiba ya kikundi. Vikoba vya kandokando ya ziwa vimewainua watu wengi, na kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vinatakiwa kusajiliwa, jambo linalowalinda wanachama pale mweka hazina anapokosa uaminifu. Kisha ulizia mikopo ya halmashauri. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarudi mwaka 2024. Maafisa watakuuliza andiko la mradi, na hapo kalenda yako ya mwaka pamoja na hesabu ya gharama ndiyo andiko lenyewe.

Jihadhari kwa nguvu zote na mikopo ya kausha damu. Mkopeshaji wa daraja la pili, yaani mwenye leseni ya kukopesha bila kupokea amana za watu, haruhusiwi kutoza riba inayozidi asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini wapo wanaotembea mitaani na masharti ya kurejesha kila siku. Tuseme unapewa shilingi 300,000 na unatakiwa kurejesha 10,000 kwa siku 40. Utakuwa umelipa 400,000, yaani 100,000 juu ya ulichochukua, wakati kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa riba ya siku hizo 40 isingezidi shilingi 14,000 hata kama ungelipa deni lote siku ya mwisho. Muuza dagaa anayechukua mkopo huo akiwa na mbalamwezi mbele yake atalipa marejesho ya siku kadhaa kutoka kwenye mtaji wenyewe. Kabla ya kusaini chochote, omba mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, uliza jumla ya shilingi utakazorejesha, angalia leseni ya mkopeshaji, na uutafakari mkataba huo usiku mmoja.

Baada ya kozi ya kwanza usikimbilie ya pili. Fanyia kazi ulichojifunza kwa muda wa msimu mmoja kamili, ukiandika kila jioni kama ulivyoanza, kisha urudi kwenye yale maswali matatu ya jalada la ndani. Lile lililopata jibu lifute kwa mstari mmoja, uandike pembeni limekuongezea shilingi ngapi kwa mwezi, na swali jipya lililojitokeza liandikwe chini yake. Shirika la Kazi Duniani limeyapanga mafunzo yake ya biashara ndogo kwa hatua nne, za kubuni wazo, kuanza, kuboresha na kupanua, na mkufunzi utakayemwendea akikuuliza uko hatua ipi, mfungulie jalada hilo alisome.